Paketi Thelathini na Moja

San Jose, 4 Machi 2018

Mdogo wangu Wen-kuei,

Barua yako ya mwaka mpya imefika na alama ya maji pembeni. Niliinusa, nikitafuta upepo wa kwetu Hsinchu. Haukuwemo. Ilinuka karatasi, na kidogo sigara zako ulizoniapia kwamba umeziacha.

Unaniuliza nitastaafu lini. Mwaka juzi nilisema mwakani, na mwaka jana nikasema hivyo hivyo. Sasa nasema: mwezi wa kumi nikijaliwa, au baada ya mwaka mpya wetu nikichelewa. Nimechoka, Wen-kuei. Si uchovu wa kukosa usingizi, huo tuliuzoea tangu tulipolala wanne katika chumba kimoja cha bweni, tukaanza kuitana kaka na mdogo. Ni uchovu wa mtu aliyekaa miaka ishirini na moja mahali ambapo bado anaulizwa jina lake linaandikwaje.

Kanuni yetu naikumbuka. Usiku wa kuniaga, nilipokuwa nakuja huku kufanyia kazi kampuni inayoshindana na yenu, tuliahidiana kwamba barua zetu hazitagusa kazi. Tuandike habari za afya, vitabu, watoto na upepo. Simu zetu zina masikio na barua pepe zina wasomaji, lakini karatasi ya posta hakuna anayeihangaikia siku hizi. Nimezihesabu barua tulizoandikiana: mia moja na sitini na mbili. Hakuna hata moja iliyovunja ahadi.

Ila yaliyokwisha kuchapishwa magazetini si siri. Umesoma kwamba mkuu wetu alipanda jukwaani akaonyesha picha ya ngazi, kila kidato prosesa mpya na mwaka wake. Wiki iliyofuata wakubwa wenu nao wakaonyesha ngazi yao, ndefu zaidi, na jengo jipya litakalojaa mashine na kutoa chipu za kizazi kipya kabla ya mwaka huu kwisha. Umesoma pia kwamba mwezi Juni wakubwa wangu wataamua kama kikundi changu kitaendelea. Tuko watu mia moja na arobaini. Mkifika kwa wakati mliousema, sisi tutavunjwa. Msaidizi wangu Padmaja ana mimba ya miezi mitano na amenunua nyumba mwaka jana. Kila asubuhi ananitazama usoni kana kwamba uamuzi umeandikwa hapo.

Basi. Niambie habari za ile nyumba ya Bi Lo, ghorofa ya tano, mkabala na mlango wako. Bado iko wazi?

Kaka yako,
Fan Sheng-tsai


Hsinchu, 27 Machi 2018

Kaka Fan,

Sigara nimeacha. Hiyo harufu ni ya karani wa posta. Amini usiamini, shauri yako.

Nyumba iko wazi. Mlango wake unakwama mvua ikinyesha, na Bi Lo anasema hana haja ya fundi, ana haja ya mpangaji mwenye mabega. Nimemwambia mpangaji anayekuja ana mabega ya kushikia kalamu tu. Akasema, basi atakaa nje mpaka jua litoke.

Mimi magoti yananiuma. Mwakani nastaafu na mimi, wakitaka wasitake. Kwa kuwa sasa mimi ndiye mzee kuliko wote zamu yetu, nimepewa kazi ya heshima: kubadilisha zile paketi za vitafunio tunazoweka kwenye mashine ili zikae na adabu, zisizime. Hiyo si kazi, ni vitafunio, kwa hiyo kanuni yetu iko salama. Ulikuwa ukinicheka zamani nilipoiweka ya kwanza juu ya lile tanuri letu la kiwandani lililokuwa linazima ovyo. Je, lilizima tena? Halikuzima.

Mwaka huu nimepewa jengo jipya. Nikaenda dukani kwa Bi Lo. Unajua masharti: mahindi ya ladha ya nazi, paketi ya kijani tu, maana taa ya mashine ikiwa kijani ndiyo inafanya kazi, isiwe imefunguliwa, na tarehe yake ya mwisho isiwe imepita. Nikapanga paketi juu ya kaunta, nikasoma tarehe moja moja kwa miwani. Bi Lo akasimama amejishika kiuno.

“Mzee Peng, thelathini na moja! Hao wajukuu wako umewafungulia shule?”

Nikamwambia wajukuu hawa hawali, wanakaa nazo tu. Akaniangalia kwa huruma, akaniongezea mfuko bure. Nikatoka pale na mifuko miwili kama bibi harusi aliyefukuzwa. Watu wote wa mtaa wakapata la kusema.

Kuna binti mmoja mgeni, Chiang Yu-shan, ana shahada mbili na ulimi mmoja mkali. Alinikuta nafunga paketi kwenye ubavu wa mashine akaniuliza, “Mwalimu Peng, mashine ya bei ya ndege tatu inalindwa na vitafunio vya watoto?” Nikamwambia aitoe yeye, aone. Alinyoosha mkono, akaurudisha mfukoni. Huyo atakuwa mhandisi mzuri.

Kula vizuri. Usiishi kwa mkate.

Mdogo wako,
Wen-kuei


San Jose, 15 Aprili 2018

Mdogo wangu,

Nimecheka peke yangu jikoni, nikageuka kumsomea Shu-chen kile kipande cha bibi harusi. Miaka minne tangu mke wangu afariki na bado nageuka.

Huku miti ya matunda imemaliza maua. Nasoma tena historia ya enzi zile za zamani, juzuu ya tatu, ile uliyoniazima mwaka 1981 ukasahau kuidai. Mawaziri wanashindana kumwonyesha mfalme ramani za nchi ambazo hawajazifikia. Nimegundua kwamba sisomi tena kwa ajili ya wafalme. Nasoma kwa ajili ya makarani waliochora ramani.

Habari ya paketi zako imenirudisha mbali. Nakumbuka siku zile mliweka paketi moja kwa safu nzima ya mashine, kwa ubahili. Je, bado ni hivyo? Au siku hizi kila mashine ina yake? Nauliza tu. Mtu akikaa mbali sana, hutaka kujua mambo madogo yamebadilikaje.

Mwambie Bi Lo anisubiri.

Kaka yako,
Sheng-tsai


Hsinchu, 6 Mei 2018

Kaka,

Hicho kitabu nilikuwa namlaumu mdogo wangu wa mwisho kwa miaka thelathini na saba. Mpaka tulinuniana kwenye harusi yake. Utakuja umweleze mwenyewe.

Kuhusu vitafunio: moja kwa kila mashine, Kaka. Hakuna kuchangia. Ukiweka moja kwa safu, mashine za mwisho zinaona wivu. Siku hizi hata ile ya kahawa ina yake.

Nimefurahi umeuliza. Mke wangu alisema, “Huyu sasa anarudi kweli. Mtu asiyerudi haulizi habari za vitafunio.” Ametoa mapazia yetu ya zamani akayapima kwenye madirisha yako. Ni mafupi kwa shubiri moja, lakini anasema wewe huna cha kuficha.

Naambatanisha picha. Hapo kwenye roshani ndipo tutakapoweka viti viwili. Ukikaa upande wa kushoto unaona watu wakianika tambi za mchele juu ya mianzi, kwa mbali, mwezi wa kumi upepo ukianza.

Mdogo wako,
Wen-kuei


Hsinchu, 30 Julai 2018

Kaka Fan,

Hujajibu barua yangu ya Mei. Nilidhani posta. Kisha nikadhani ugonjwa. Mke wangu alitaka nipige simu, nikamwambia tungoje.

Wiki mbili zilizopita nilisoma gazeti, kwa hiyo naweza kuandika yaliyomo. Msemaji wa kampuni yenu alisimama jukwaani akasema mmeisogeza mbele prosesa yenu kwa miezi tisa, na kwamba hamna haja ya kutuhofia, maana jengo letu jipya ni ukumbi mtupu. Akataja idadi ya mashine zilizomo. Watu wakacheka. Idadi hiyo sitaiandika hapa.

Siku iliyofuata watu wa usalama walitufikia zamu yetu. Wanataka kujua nani amekuwa akizungumza na nje. Walipekua makabati, simu, hata kibweta changu cha chakula. Kwa Chiang Yu-shan walikuta picha aliyoiweka mtandaoni mwezi wa nne: paketi ya kijani juu ya meza yake, na maneno, “Mlinzi mpya wa jengo jipya.” Hakuna mashine pichani, ni meza na paketi tu. Wamemsimamisha kazi. Alipita mbele yangu na sanduku lake. Mimi ndiye niliyempa ile paketi.

Magoti ni yale yale. Joto ni kali. Mke wangu amerefusha mapazia kwa kitambaa cha rangi nyingine.

Nina swali moja tu. Barua zangu bado unazihifadhi?

Peng Wen-kuei


San Jose, 19 Agosti 2018

Wen-kuei,

Ninazihifadhi zote. Za kwako ziko mbele yangu, na nakala za zangu, maana unajua tabia yangu ya kunakili. Nimeisoma upya ya kwangu ya Aprili. Kipande cha juzuu ya tatu ni cha kweli, na cha Shu-chen ni cha kweli. Swali la vitafunio halikuwa la mtu aliye mbali sana. Lilikuwa la mtu anayehakikisha hesabu.

Nitakuambia kwa utaratibu, kwa sababu utaratibu ndio uliobaki.

Barua yako ya Machi niliisoma mara ya kwanza nikicheka. Mara ya pili nilisimama kwenye idadi. Jengo la namna ile, ili litoe mlichoahidi kabla ya mwaka kwisha, lingehitaji mashine mara saba au nane ya hapo. Nikaiweka barua kwenye droo. Kwa siku tano sikuifungua. Kisha nikakuandikia lile swali, nikijiambia ni udadisi tu, na kwamba nikishajua nitanyamaza. Ukanijibu kwa furaha na ukaniletea picha ya roshani.

Kikao kilikuwa tarehe kumi na nne Juni. Mkuu wetu, Whitcombe, alizunguka meza akimwuliza kila mmoja: watafika kabla ya mwaka kwisha au hawatafika? Wote walisema mtafika. Padmaja alikuwa amekaa karibu na mlango kwa sababu ya mimba, ili aweze kutoka. Zamu yangu ilipofika nikasema, “Hawatafika. Wana mashine thelathini na moja.” Whitcombe akaniuliza nimejuaje. Nikamwambia nilizaliwa kule. Hakuuliza tena. Wanapenda kuamini kwamba sisi tunaambiana mambo kwa namna wasiyoielewa.

Kikundi kikabaki. Tarehe ikasogezwa mbele, na kazi ya miaka miwili ikaingizwa katika mwaka mmoja na miezi mitatu. Sikujua kwamba wangeitaja idadi jukwaani, lakini kutojua hakunisaidii. Siku ile ile ya uamuzi Padmaja alileta peremende za kwao, za maziwa na hiliki, akampa kila mtu mbili. Mimi alinipa nne. Nilizila.

Barua yako ya Mei sikuijibu kwa sababu kila nilichoandika kilikuwa uongo au kilikuwa hiki.

Fanya hivi: peleka barua hii kwa wakubwa wako. Nimeandika jina langu, cheo changu na tarehe, na nimetia muhuri wangu. Yule binti atarudi kazini. Mimi nitapoteza kila kitu huku, nami sitakulaumu. Wakikuuliza umeandika nini, waonyeshe: umeandika habari za dukani.

Nyumba ya Bi Lo, mwambie ampe mtu mwingine.

Fan Sheng-tsai


Hsinchu, 2 Desemba 2018

Kaka Fan,

Naandika leo kwa sababu jana gazeti limetangaza kwamba chipu zetu za kizazi kipya zimeanza kutoka, kwa wakati tuliousema. Kabla ya jana nisingeweza kukuandikia kitu chochote ambacho si uongo.

Idadi niliitambua kabla sijamaliza kusoma habari ile ya Julai. Ilikuwa ya Bi Lo. Nilikaa na lile gazeti mpaka mke wangu akaja kulichukua akafungia samaki.

Sasa nikuambie kuhusu Bi Lo. Siku ile alikuwa amebakiwa na paketi za kijani thelathini na moja tu dukani mwake. Ndizo zote alizokuwa nazo. Jumamosi yake nilipanda gari la kampuni na vijana wawili tukaenda kwa muuzaji wa jumla katika mji wa jirani, Chupei, tukachukua zilizokuwa zimepungua. Zilikuwa mia mbili na tisa, katika makatoni. Jengo lilikuwa limeshajaa tangu Februari. Sikukuandikia habari za Chupei kwa sababu kule hakuna aliyenichekesha. Mwenye duka alikuwa na mafua, akatupa risiti, tukaondoka.

Barua yako ya Agosti niliisoma nimesimama kwenye ngazi. Sikuwapelekea. Nilikwenda mwenyewe kwa wakubwa, nikawaambia kwamba niliandika habari za vitafunio kwa rafiki aliye ng'ambo, na kwamba Chiang hana kosa. Nilivaa koti la harusi ya binti yangu, maana nilijua nafukuzwa. Walinisikiliza. Yule mkuu wa usalama akaniuliza, “Ulimwandikia thelathini na moja?” Nikasema ndiyo. Akawatazama wenzake. Kisha wakaanza kucheka, Kaka, wanaume wazima, mmoja akavua miwani. Wakanipa mkono. Wakanipa chai nzuri. Wakasema mzee Peng amefanya kazi ambayo idara nzima isingeweza, wapinzani wamekimbilia shimoni wenyewe. Chiang akarudishwa wiki ile ile, kwa sharti asiulize. Mimi nikapewa sharti moja: nisikujibu mpaka bidhaa itoke.

Nami sikukujibu.

Hilo ndilo nililotaka ulijue. Mwezi wa nane, barua yako mkononi, sentensi moja tu kutoka kwangu ingetosha. Mngerudisha tarehe yenu nyuma, mngepunguza kazi, mngetafuta njia nyingine kwa wale watu wako. Nilijua habari za yule mama na ujauzito wake. Nilihesabu miezi, nikajua atakuwa amejifungua Juni au mapema Julai. Niliweka karatasi mezani mara tatu. Nilisema, ni siri ya kazi, na kanuni ni kanuni. Mke wangu aliuliza, “Kanuni ya kampuni au ile yenu?” Nikamwambia asiingilie. Hakuniwekea chakula siku hiyo.

Wewe ulivunja kanuni ukanidhuru, na mimi niliitunza nikakudhuru. Nimejaribu kupima lipi zito, nimeshindwa. Magoti yangu hayataki tena kusimama kwenye mizani.

Mwezi wa kwanza nastaafu. Watanipa saa ya ukutani.

Nyumba sikumwambia Bi Lo ampe mtu. Mlango bado unakwama. Anasema siku ya kuutengeneza ni siku mtu atakapolala mle. Nimekuwekea kitu katika bahasha hii, kimebanwa kidogo, karani wa posta alinitazama vibaya. Ni paketi moja ya kijani, ya dukani kwa Bi Lo. Kwa ajili ya ule mlango. Huku kwetu kila kitu kinachokwama kinapewa yake.

Soma tarehe kabla hujaiweka popote.

Mdogo wako,
Wen-kuei


San Jose, 28 Desemba 2018

Mdogo wangu Wen-kuei,

Bahasha imefika. Mahindi yamevunjika, lakini paketi haikupasuka.

Kikundi kilivunjwa tarehe saba mwezi huu. Tungekuwa mia moja na arobaini, ila kwa kuwa tulikimbilia tarehe ya mapema na kuwavuta wengine waje kutusaidia, tumekuwa mia tatu na sita. Whitcombe alisema maneno machache, hakunitazama. Nilisaidia kubeba masanduku mpaka kwenye magari. La Padmaja lilikuwa jepesi: kikombe, viatu vya kubadilisha, picha ya mtoto. Ni wa kike. Nilimweleza yote pale pale kwenye maegesho, barua zako na lile swali langu. Aliliweka sanduku garini. Kisha akaniuliza kama niliyasema yale siku ya kikao kwa ajili yake. Nikamwambia kwa ajili ya wote, na kwa ajili yangu pia, maana sikutaka kumaliza kazi yangu kwa kuona inafungwa. Akasema, “Ungeniuliza kwanza, Bwana Fan. Ningekuambia usimuuze rafiki yako.” Akafunga mlango wa gari taratibu, kwa sababu mtoto alikuwa amelala nyuma.

Kuhusu mizani yako, nami nimejaribu, na nimeiacha. Nimeuza vitabu isipokuwa juzuu ya tatu, ambayo nitamrudishia mdogo wako wa mwisho mwenyewe, mbele ya mke wake.

Nimevaa miwani nikasoma tarehe ya paketi kama ulivyoagiza. Inakwisha tarehe kumi na tisa Machi. Tiketi yangu ya kurudi ni ya tarehe kumi na mbili mwezi huo. Nitaibeba mkononi.

Kaka yako,
Sheng-tsai